Land Rover 109 inazima mlimani ikipata moto: pampu ya umeme ipi, na ifungwe wapi?

Sangara109

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua gari za zamani.

Gari ni Land Rover Series III 109, petroli, silinda nne, 2,286 cc, kabureta Zenith 36 IV. Tenki liko chini ya kiti, betri 12V, hasi imeenda kwenye bodi. Pampu ni ile ya asili yenye mkono unaosukumwa na kamshafti na kikombe cha kioo chini. Imeshabadilishwa daiframu (ule utando wa mpira wa ndani) mara mbili, na daiframu za dukani siku hizi hazidumu.

Niko Mwanza. Asubuhi haina tatizo, Usagara inaenda na kurudi. Shida ni mchana wa jua kali: ukitoka kwenye foleni ya Mkuyuni na Igogo ukaanza kupanda Bugando gia ya pili, inakohoa, inapoteza nguvu, inazima. Subiri dakika 20, au weka kitambaa kibichi juu ya pampu, inawaka kama haikuwa na kitu.

Nataka kufunga pampu ya umeme. Madukani nimekuta aina tatu: ndefu ya duara iliyoandikwa 3 bar, kiboksi kidogo cha bati kinachogonga tik-tik kilichoandikwa 12V tu bila presha, na nyingine ya mota inayovuma. Nichukue ipi? Ikae wapi? Waya zipiteje? Na tundu la pampu ya zamani pale kwenye injini nalifanyaje?

---

SpanaKumiNaTatu

Mkuu, kabla hujatoa hela, hakikisha kwanza kinachokosekana ni petroli. Koili iliyochoka na kondensa mbovu huzima gari hivyohivyo: moto ukipanda inakufa, ikipoa inafufuka. Watu wananunua pampu kumbe mgonjwa yuko kwenye distribyuta.

Kipimo ni cha dakika moja, ila kifanye palepale inapozima, usiache ipoe. Zima swichi, toa bomba la hewa juu ya kabureta, chungulia kooni huku mtu anakanyaga pedali ya mafuta mara moja. Ukiona mchirizi mwembamba wa petroli unaruka, bakuli la kabureta lina mafuta. Achana na pampu, kaangalie cheche. Pakiwa pakavu, au pakitoka matone yenye povu, hapo kweli mafuta hayafiki.

Hata yasipofika, pampu si mshukiwa pekee. Fungua kifuniko cha tenki wakati huohuo imezima. Ukisikia hewa inavutwa kwa sauti, tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi, na dawa yake ni sindano, bure kabisa. Kagua gasketi ya kile kikombe cha kioo. Kagua pia kipande cha mpira kati ya bomba la chuma na pampu. Watu wanadanganyika hapo: mpira uliopasuka upande wa kuvuta hauvujishi tone hata moja nje, unanyonya hewa ndani. Ukiutazama ni mkavu, ukadhani ni mzima.

Hiyo dawa ya kitambaa kibichi inaelekea kwenye mvuke, yaani petroli inachemka njiani na pampu inashindwa kuisukuma, nakubali. Pampu imebanwa kwenye injini ya moto na inavuta kutoka mbali, kwa hiyo bomba lote kutoka tenki liko kwenye mvuto, na petroli iliyo kwenye mvuto huchemka mapema. Halafu kumbuka tulipo. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, presha ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar. Petroli ileile inachemka kwa moto mdogo zaidi.

---

MzeeWaKabureta

Namuunga mkono Spana, nami naongezea kwenye kuchagua.

Ile ya 3 bar iache dukani. Ni ya injini za injekta. 3 bar ni zaidi ya psi 43, na kabureta yako inataka psi 2 hadi 3 tu. Ukiifunga, sindano ya bakuli (vali ndogo inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa) haitaweza kuziba, petroli itapanda, itamwagika juu ya manifoldi ya ekzosi ambayo iko hapohapo chini ya kabureta. Hiyo si hitilafu tena, ni moto. Usikubali mtu akwambie utaweka kipunguza presha mbele yake. Vile vya kabureta havikutengenezwa kupokea presha hiyo.

Ya mota inayovuma inafaa injini kubwa. Nyingi huanzia psi 4 kwenda juu, zinakula ampia 4 au 5, na hazipendi kuzunguka bila mafuta. Kwa silinda nne ni mzigo usio na sababu.

Kiboksi cha tik-tik ndicho chako. Ndani kuna koili ya sumaku, pistoni na springi, basi. Kinakula ampia 1 hadi 2. Facet wa Marekani ndiyo kampuni iliyokipa umaarufu, na vya kuiga viko kila duka. Shida ya vya kuiga ni hiyo uliyoiona: 12V imeandikwa, presha haikuandikwa, na viwili vinavyofanana sura vinaweza kupishana psi 3. Kwa hiyo nenda dukani na geji ya psi 0 hadi 15, kipande cha mpira, chupa ya petroli na betri. Pampu ivute kwenye chupa, ziba njia ya kutokea kwa geji, washa kwa sekunde tano. Ikisoma kati ya 2 na 3.5, chukua. Ikisoma 5 au 6, rudisha. Muuzaji akikataa kupima, hata Facet ikiwa na boksi lake usichukue bila kusoma namba, maana nao wanatengeneza za mashindano zenye presha kubwa.

Wingi wa mafuta usikusumbue. Injini hiyo ina nguvu za farasi kama 70, ikikazwa mpaka mwisho hainywi zaidi ya lita 25 kwa saa. Pampu ikijaza chupa ya nusu lita ndani ya dakika moja inatoa lita 30 kwa saa, inatosha na chenji inabaki. Kipimo hicho kirudie ikishafungwa garini, mpira ukiwa umechomolewa pale kabureta, kwa sababu bomba lililobonyea au chujio lililoziba litajionyesha hapo.

Kabla ya pampu mpya, vua kabureta ubadilishe sindano ya bakuli na kiti chake. Sindano iliyokwisha huvumilia pampu ya mkono, haivumilii ya umeme. Na kwa kuwa ni Zenith 36 IV, weka rula kwenye uso wa kile kizibo cha juu. Zina tabia ya kupinda, petroli inapita pembeni, na ule mpira mdogo wa duara wa ndani hukauka. Uso ukiwa umepinda, sugua kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo mpaka uwe sawa. Bila hivyo utailaumu pampu mpya kwa moshi mweusi ambao si wake.

---

SpanaKumiNaTatu

Mahali pa kuifunga, shika neno moja: pampu hii inajua kusukuma, haijui kuvuta. Karibu na tenki, usawa wa chini ya tenki au chini zaidi. Ukiifunga kwenye ukuta wa injini kwa sababu ni rahisi kufikia, umehamisha tatizo na kulipa pesa juu. Ikikaa nyuma, bomba lote mpaka kabureta linakuwa kwenye presha, na mvuke hauna nafasi.

Kwa 109 yenye tenki la chini ya kiti, pampu ikae kwenye bati linaloshika tenki, upande wa ndani wa chesesi, mbali na ekzosi, juu kiasi kwamba tope la njia za vijijini halitaifunika. Usitoboe reli ya chesesi kwa pupa: waya za taa za nyuma hupita ndani yake, na drili haziulizi. Tengeneza kibati cha pembe cha milimita 3. Pampu ikae juu ya vipande vya mpira, la sivyo tik-tik yote itaingia mwilini mwa gari na utaisikia kama nyundo. Mdomo wa kutokea uelekee juu, pampu ikiinama kama nyuzi 45, hewa isibaki ndani.

Chujio: moja kabla ya pampu, la wavu mpana au la chuma, kwa sababu kutu ya tenki la miaka 40 hukwama kwenye vali ya pampu ikaacha kusukuma huku bado inagonga. La karatasi lenye matundu madogo liweke baada ya pampu, kabla ya kabureta. Ukiweka la karatasi kwenye upande wa kuvuta, likianza kuziba unarudi kulekule kwenye mvuke.

Mpira uwe wa mafuta, kipenyo cha ndani 8 mm, wenye maandishi SAE J30 R6 au R9 ubavuni. Ule mpira wa plastiki unaopitisha mwanga unapendwa kwa kuwa unaona petroli ikipita, lakini karibu na injini unakauka, unakuwa kama mfupa, unapasuka penye klipu. Ingiza mpira angalau sentimita 2.5 juu ya bomba, na bomba liwe na ukingo uliovimba mwishoni. Klipu za skrubu za ukanda usio na matundu. Zenye matundu hukata mpira. Waya wa kufungia nondo si klipu, jamani.

Kazi hii usiifanye juu ya shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama humo, na taa moja ya mkononi ikianguka inatosha. Fanyia nje, hasi ya betri imetolewa, kizima moto cha unga karibu.

---

WayaMwekundu

Upande wa umeme. Kosa la kawaida ni kuvuta waya mmoja kutoka kwenye swichi moja kwa moja mpaka pampu. Inafanya kazi, ndiyo sababu wengi wanaacha hivyo. Lakini ukipinduka, au mpira ukichomoka, injini inazima na pampu inaendelea kumwaga petroli mpaka mtu afikie ufunguo. Pampu ya mkono ilikuwa na usalama wake wa asili: injini ikisimama nayo inasimama. Ukiitoa, lazima urudishe usalama huo kwa njia nyingine.

Njia ninayoipendelea ni relei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayosoma mapigo ya koili. Gari za VW na Audi za miaka ya 1980 zenye injekta zilikuwa nayo. Mguu mmoja unaunganishwa na hasi ya koili. Mapigo yakikoma, relei inakata pampu ndani ya sekunde moja hivi. Soma mchoro uliochapwa ubavuni mwake, usikisie miguu.

Usipoipata, tumia relei ya kawaida ya miguu minne na swichi ya presha ya oili ya miguu mitatu. Mguu namba 30 unatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda pampu, 85 inaenda bodi, 86 inaenda kwenye mguu wa pamoja wa swichi ya oili. Mguu wa swichi ambao umefungwa wakati hakuna presha uunganishe na waya unaopata umeme wakati wa kupiga stata tu. Ule unaofunga presha ikipanda uunganishe na swichi ya ufunguo. Ukipiga stata pampu inafanya kazi, oili ikipanda inaendelea, injini ikizima inakata. Na injini ikikosa oili inazima yenyewe, faida ya ziada. Usipitishe umeme wa pampu kwenye swichi ya oili yenyewe, vidole vyake ni vidogo vitaungua.

Wengine wanachukua umeme kwenye mguu wa taa ya alteneta. Inawezekana, ila mkanda ukikatika gari linazima barabarani, na kwa kuwasha unahitaji njia ya pembeni. Mimi siipendi.

Ongeza swichi ya ajali, ile yenye kitufe cha kubonyeza juu. Land Rover za baadaye na Ford nyingi zinayo, kwenye magari ya kukatwa inapatikana. Ifunge wima kwenye ukuta wa kabini mahali pasipotikisika, kitufe kifikike kwa mkono, na iwe kwenye waya wa 86. Ijaribu kwa kuigonga na kiganja kabla hujaifunga. Lakini haichukui nafasi ya ile ya kwanza: mpira ukichomoka huku unatembea taratibu, hakuna kishindo, yenyewe haitajua.

Waya 2.5 mm² kwenda na kurudi. Nasema kurudi kwa sababu pampu iko juu ya mipira, haigusi chuma. Inahitaji waya wake wa ethi mpaka sehemu ya chesesi uliyoisugua ikang'aa. Fyuzi ya ampia 5, karibu na betri na si karibu na pampu. Ukimaliza, washa, pima volti kwenye miguu ya pampu yenyewe. Ikipungua zaidi ya 0.5 V kuliko betri, kuna kiungo kibovu, na pampu itakuwa mvivu hasa usiku taa zikiwaka.

Kwa watakaosoma wenye Series II za zamani: hizo mpaka karibu 1967 zilikuwa na chanya kwenye bodi. Kiboksi cha tik-tik cha kisasa kina elektroniki ndani, ukikigeuzia nguzo unakiua papo hapo.

---

Sangara109

Asanteni sana wakuu. Majibu ya vipimo: ilipozima nilichungulia kooni, pakavu, baadaye povu. Kifuniko cha tenki kinapumua, gasketi ya kikombe nzima. Basi ni mvuke.

Viboksi vitatu vimepimwa dukani: 5.5, 5 na 4. Hakuna cha chini ya hapo. Nichukue cha 4? Na je, pampu ya zamani naweza kuiacha palepale kama akiba, mafuta yapite ndani yake?

---

MzeeWaKabureta

Chukua cha 4, tutakishusha.

Nunua chujio lenye midomo mitatu, lile la Toyota za kabureta: moja kuingia, moja kwenda kabureta, moja kurudi tenki. Lifunge karibu na kabureta, mdomo wa kurudi ukiwa juu. Kwenye mpira wa kurudi ingiza kizuizi chenye tundu la milimita 1.5, jeti kuu ya kabureta iliyotupwa yenye kipenyo hicho inafaa kabisa. Bomba la kurudi liingie tenki juu, si kwenye bomba la kuvutia. Hapo petroli inazunguka muda wote, haikai ikaiva, na mvuke wowote unaoanza unarudi tenki. Presha nayo inashuka. Weka geji kwa kiungo cha T kabla ya kabureta, injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), usome. Ukipata 3 au chini, umemaliza. Ukibaki juu ya 3.5, ndipo uongeze kipunguza presha, nacho kikae karibu na kabureta. Vile vya bei rahisi vyenye kitufe cha namba 1 mpaka 5 usiviamini kwa namba zake, amini geji.

Pampu ya zamani ndani ya mstari: hapana. Umesema mwenyewe daiframu hazidumu. Ya mkono ikipasuka daiframu yenyewe inaacha kusukuma, gari linazima, unajua. Lakini ukiwa na ya umeme nyuma yake inayosukuma, daiframu iliyopasuka ni mlango wa petroli kuingia sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gari litaendelea kutembea vizuri huku oili inageuka maji, na beringi ndizo zitakazokupa taarifa. Itoe. Kata bati la milimita 5 kwa kulifuatisha umbo la kitako cha pampu, gasketi upande wa injini, rudisha boliti. Bila gasketi utapata mchirizi wa oili ubavuni, maana kamshafti inarusha oili pale. Weka hiyo ya zamani ndani ya boksi la spana kama akiba.

Kwa wenye gari nyingine ambazo pampu inasukumwa na kijiti, toeni na kijiti kabla ya kuweka bati.

---

Sangara109

Imefungwa jana. Geji inasoma 2.8 sailensi, nusu lita sekunde 38. Swali la mwisho: nikifungua ufunguo inagonga haraka, baada ya sekunde chache inapunguza, lakini hainyamazi. Ni kawaida?

---

WayaMwekundu

Kawaida kwako, kwa sababu una bomba la kurudi. Mafuta yanatembea, kwa hiyo inaendelea. Bila bomba la kurudi ingekaribia kunyamaza bakuli likijaa.

Sikiliza mwendo wake, utakuwa geji yako ya kila siku. Haraka mwanzoni halafu taratibu: bakuli limejaa. Haraka bila kupunguza: inavuta hewa, tenki limekauka, au mafuta yanamwagika mahali, zima utafute. Taratibu sana tangu mwanzo: chujio la baada ya pampu limeziba au volti ni ndogo. Inagonga haraka na kabureta haipati kitu: uchafu umekaa kwenye vali, kama ina kizibo cha chini kifungue uoshe.

Ila subiri kidogo. Umesema ukifungua ufunguo inagonga bila kukoma, na injini haijawashwa? Kwa relei ya mapigo au swichi ya oili ingetakiwa ikate baada ya sekunde mbili, au isigonge kabisa mpaka upige stata. Waya wako wa 86 umeunganisha wapi?

---

Sangara109

Fundi umeme aliunganisha kwenye ufunguo moja kwa moja, anasema swichi ya oili inasumbua. Narudi kwake leo jioni.